Kulanti ya Injini ya Boti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya kuhusu kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, yanawahusu hasa wenye boti za injini ya dizeli iliyofungwa ndani, wanaofanya kazi Bwawa la Mtera na mabwawa mengine ya kanda ya kati. Wenye injini za kupachika nyuma wasome swali la kwanza. Huenda wasihitaji mengine.

Injini yangu ni ya kupachika nyuma ya boti. Kulanti naweka wapi?

Huweki popote. Injini ya kupachika, iwe ya kuchanganya petroli na oili au ya oili yake peke yake, haina rejeta wala tangi la maji. Hunyonya maji ya bwawa kupitia matundu yaliyo chini karibu na pangaboi, ikayazungusha ndani na kuyatoa. Mkondo mwembamba unaoruka nyuma injini ikiwaka ndio kipimo chako. Ukidhoofika, choma tundu lake kwa waya laini kwanza, maana tope la Mtera huziba hapo. Usiporudi, fungua impela, yaani gurudumu dogo la mpira lenye mapezi, uangalie kama mapezi yamekatika au yamelala upande mmoja. Kwa maji ya tope usingoje mwaka uishe. Ikague kila miezi sita, na beba ya akiba.

Ukisikia mtu anatia antifrizi kwenye injini ya kupachika, huyo yuko nchi ya baridi na anaiweka boti ghalani mpaka barafu iyeyuke. Huku hakuna kazi hiyo.

Dodoma maji hayagandi. Kwa nini basi niweke dawa ya kuzuia kuganda?

Kwa sababu kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu, na kwetu ndiyo isiyo na maana. Kulanti ni glikoli, kimiminika cha kemikali kinachochanganyika na maji, iliyotiwa dawa za kulinda chuma, aluminiamu, shaba na risasi ya kulehemu. Ndani ya injini moja metali hizo zote zinaguswa na maji yaleyale ya moto. Maji matupu yakizunguka humo, metali iliyo dhaifu zaidi huliwa. Mara nyingi anayeanza ni mfuniko wa aluminiamu wa thamostati (valvu inayofunguka kulanti ikipata moto) au pampu ya maji.

Dizeli zenye silinda za kuchomeka, ambazo maji yanazigusa moja kwa moja, zina tatizo la ziada. Silinda hutetemeka kila mafuta yanapolipuka. Mtetemo huo huzaa viputo vidogo vinavyopasukia kwenye chuma na kukichimba, mpaka siku moja maji yanatokea upande wa pili kwenye pistoni. Kulanti ya dizeli ina dawa inayotandaza utando mwembamba juu ya chuma na kupunguza uchimbaji huo. Maji ya bomba hayana kitu kama hicho.

Halafu kuna kuchemka. Mjini Dodoma, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Mtera, kwenye mita kama 700, huchemka kati ya nyuzi 97 na 98. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huongeza nyuzi saba au nane hivi, na mfuniko wa presha wa tangi la kulanti, wenye namba 0.9 (bar), huongeza nyingine kama 20. Mfuniko, kwa hiyo, unafanya kazi kubwa kuliko kulanti yenyewe hapa, na wengi wanaolalamika kuwa injini inachemsha wana mfuniko wenye mpira uliokauka.

Injini ya ndani inapozwa vipi hasa?

Kwa mizunguko miwili isiyochanganyika. Wa kwanza umefungwa: kulanti inazunguka kwenye bloku, silinda hedi na kibadilisha joto, chombo ambamo kulanti huachia joto lake kwa maji ya bwawa. Wa pili uko wazi: maji ya bwawa yanaingia kwa valvu ya chini, yanapita chujio, pampu yenye impela, mirija ya kibadilisha joto, kisha yanatoka pamoja na moshi kwenye egzosi.

Unachoongeza ni cha mzunguko wa kwanza. Lakini injini ikichemsha, mara nyingi tatizo liko mzunguko wa pili: chujio limejaa majani, impela imekatika, mirija imeziba kwa tope. Kumimina kulanti hakutibu hata kimoja kati ya hivyo.

Nitajuaje kuwa imepungua?

Kwanza angalia chupa ya akiba, ile wengi wanaiita riziva. Injini ikiwa ya baridi, kiwango kiwe kwenye alama ya chini au juu yake kidogo. Ikiwa ya moto kitapanda kuelekea alama ya juu, nayo ni kawaida.

Usiiamini riziva peke yake. Mpira unaotoka kwenye shingo ya tangi la kulanti la injini kwenda riziva ukiwa na ufa, au mfuniko ukiwa haushiki, injini ikipoa hunyonya hewa badala ya kulanti. Riziva inabaki imejaa vizuri huku tangi la injini likizidi kuwa tupu. Kwa hiyo angalau mara moja kwa wiki fungua mfuniko wenyewe, asubuhi kabla ya kuwasha. Boti yenye riziva, kulanti iwe imefika shingoni kabisa. Isiyo na riziva, acha nafasi ya sentimita mbili au tatu chini ya shingo. Usipoacha nafasi hiyo, kulanti ikitanuka itajimwaga yenyewe, nawe utadhani injini inavuja.

Jambo moja la kuogopa: geji ya joto inaposhuka ghafla wakati injini inafanya kazi nzito. Kulanti ikipungua sana, kipimajoto hubaki kwenye mvuke au hewa, na sindano inaweza kuonyesha baridi huku hedi inaungua.

Hatua za kuongeza ni zipi?

Zima injini na uiache saa moja au zaidi. Kwenye jua la Oktoba na chumba cha injini kilichofungwa, saa moja haitoshi. Bana kwa mkono mpira mnene wa juu. Ukiwa mgumu au wa moto, bado kuna presha.

Weka tambara nene juu ya mfuniko. Zungusha robo mpaka usimame kwenye kizuizi cha kwanza, usikie kama kuna kinachopumua. Kikiisha, bonyeza chini, maliza kuzungusha na utoe. Uso wako usiwe juu ya shingo.

Tazama kilichomo kabla ya kuongeza. Kulanti nzima inapitisha mwanga na ina rangi moja. Ikiwa na rangi ya kutu, ina utando wa mafuta juu, au imeganda kama uji, usiongeze. Hiyo ni ya kumwagwa na chanzo kutafutwa.

Mimina mchanganyiko uliokwisha kuchanganywa nje, si kulanti kavu kisha maji. Ukimimina moja baada ya nyingine, hujui tena ulicho nacho ndani. Mimina polepole kwa faneli, uipe hewa nafasi ya kutoka. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa kwenye mfuniko wa thamostati au sehemu ya juu kabisa ya mpira, ilegeze mpaka kitoke kimiminika kisicho na viputo, kisha uikaze.

Sasa fungua valvu ya maji ya bwawa. Hatua hii husahaulika kuliko zote, na impela inayozunguka bila maji inaweza kuharibika ndani ya dakika moja tu. Kama boti iko nchi kavu, tumbukiza mpira wa kunyonyea kwenye ndoo ya lita 20 na uwe na mtu wa kuijaza muda wote. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache ingurume taratibu. Kiwango kitashuka mara thamostati inapofunguka na hewa iliyofichwa inapotoka. Jazia. Viputo vikiisha funga mfuniko, jaza riziva mpaka kati ya alama mbili, na uangalie maji kama yanatoka kwenye egzosi.

Kazi haijaisha hapo. Injini ikipoa, fungua tena uhakikishe kiwango. Karibu kila mara kitakuwa kimeshuka kidogo mara ya kwanza.

Nichanganye na maji gani?

Hili ni swali la maana sana kwa kanda yetu. Visima vingi vya Dodoma na Singida vina maji magumu au ya chumvi. Maji yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika yataacha ukoko uleule kwenye ukuta wa silinda, na ukoko huzuia joto kutoka. Chumvi nayo hula aluminiamu na kudhoofisha dawa zilizomo kwenye kulanti.

Tumia maji yaliyotolewa madini, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri. Hapa kuwa makini dukani: maji ya betri na asidi ya betri huweza kukaa rafu moja kwenye chupa zinazofanana. Asidi ikiingia kwenye injini, hiyo injini umeiua. Soma maandishi, uliza, na chupa isiyo na lebo usinunue.

Ukiyakosa, maji ya mvua ni mbadala mzuri kuliko ya kisima. Kinga baada ya mvua kuosha paa kwanza, chuja kwa kitambaa safi, hifadhi kwenye dumu ambalo halijawahi kubeba chumvi wala dawa. Maji ya chupa ya kunywa si suluhisho la kuaminika. Mengi yana madini, tena huwa yametajwa kwenye lebo.

Kiasi gani cha kulanti na kiasi gani cha maji?

Nusu kwa nusu ndiyo kanuni ya watengenezaji wengi. Kwa kuwa kwetu hakuna baridi kali, wapo wanaoshuka hadi theluthi moja ya kulanti ili kuokoa fedha, na kwa kulanti nyingi hapo bado chuma kinalindwa. Chini ya hapo dawa za kuzuia kutu zinakuwa hafifu mno, na mchanganyiko dhaifu sana unaweza hata kuota bakteria na kunuka. Ushauri wetu ni nusu, au asilimia 40 kama kitabu cha injini kinaruhusu.

Kuzidisha nako ni hasara. Glikoli hubeba joto kidogo kuliko maji, hivyo kulanti kavu tupu huifanya injini iwe ya moto zaidi. Usivuke asilimia 60.

Soma chombo vizuri: kuna kulanti nzito ya kuchanganya na kuna iliyokwisha kuchanganywa. Ukiongeza maji kwenye ile iliyochanganywa tayari, unabaki na robo.

Na kama mfumo umeshakuwa dhaifu? Tuseme injini inabeba lita 8 na kulanti ni asilimia 25. Kumimina lita moja juu hakutoshi, na pengine hata nafasi hakuna. Toa lita 2.7 za kilichomo, rudisha lita 2.7 za kulanti nzito. Lita 5.3 zilizobaki zina kulanti lita 1.3, jumla inakuwa lita 4 kati ya 8.

Napimaje nguvu yake?

Kwa kifaa cha kuangalia tone moja kwenye mwanga, refraktomita. Kipimo chake kimeandikwa nyuzi za kuganda, na hapo ndipo wengi wa huku hukidharau. Usiitazame kama habari ya barafu. Kwa ethilini glikoli, nyuzi 37 chini ya sifuri ina maana mchanganyiko ni nusu kwa nusu. Ikisoma karibu na 12 chini ya sifuri, una robo tu. Vile vya bei rahisi vyenye mipira inayoelea hukosea kabisa kwa propilini glikoli, aina nyingine ya glikoli, kwa hiyo jua kwanza una aina gani.

Refraktomita haipimi dawa za kutu. Kulanti ya miaka sita inaweza kusoma vizuri kabisa huku dawa zimekwisha zamani.

Yangu ni ya kijani, dukani wana nyekundu. Nichanganye?

Rangi ni rangi tu. Kila mtengenezaji hupaka anayopenda, na hakuna kanuni ya dunia inayosema nyekundu ni aina fulani. Tofauti iko kwenye dawa: zipo za zamani zenye silikati na fosfati, zinazodumu kama miaka miwili, na zipo za asidi za kioganiki zinazofika mitano. Zikikutana, dawa zinaweza kupunguzana nguvu, na wakati mwingine hutengeneza ute mzito unaoziba mirija.

Kwa dizeli tafuta maandishi ASTM D6210, namba ya kiwango cha ubora, kwenye chombo. ASTM D3306 peke yake ni ya magari madogo. Chombo kisicho na kiwango chochote, chenye picha ya gari na neno la kuvutia tu, kinaweza kuwa maji yenye rangi. Ukibanwa katikati ya safari na huna aina yako, ongeza maji yasiyo na madini badala ya kulanti usiyoijua, kisha urekebishe nguvu ukifika mwaloni.

Naongeza kila wiki. Inakwenda wapi?

Mzunguko uliofungwa haunywi kulanti. Kupungua kidogo kwa miezi ni sawa. Kuongeza kila wiki ni kuvuja, na kuendelea kuongeza ni kulipia kulanti mara kumi badala ya kulipia mpira mmoja. Tafuta kwa mpangilio huu, kuanzia rahisi.

Mfuniko. Tazama mpira wake wa chini: ukiwa na ufa au alama ya kuzama, badilisha. Namba iliyoandikwa juu ifanane na ya zamani. Mfuniko wa 1.1 kwenye mfumo wa 0.9 hauongezi uimara, unatafuta tu mpira wa kupasua.

Mipira na klipu. Kulanti ikikauka huacha unga wa rangi yake, mara nyingi mweupe au wa kijani, pale inapovujia. Pitisha kidole chini ya kila klipu, upande usioonekana. Mipira iliyoguswa na dizeli huwa laini na kuvimba.

Pampu ya kuzungusha kulanti. Chini ya shafti yake kuna tundu dogo la makusudi. Likidondosha, sili ya ndani imekwisha. Kuna watu huliziba kwa gundi. Matokeo yake kulanti huingia kwenye beringi, na badala ya sili unanunua pampu nzima.

Kibadilisha joto. Hiki ndicho kivujaji kisichoacha alama. Presha ya kulanti huwa kubwa kuliko ya maji ya bwawa, basi mrija ukitoboka kulanti husukumwa upande wa pili na kutoka na egzosi. Sakafu ya ndani ya boti ni kavu, mipira mizima, oili safi, na bado inapungua. Kukijua, kitoe, ziba ncha za upande mmoja, kitumbukize kwenye beseni la maji na upulize hewa ya presha ndogo isiyozidi namba ya mfuniko. Viputo vitakuonyesha mrija. Mrija mmoja au miwili huweza kuzibwa ncha zote mbili kwa kulehemu na kazi ikaendelea. Zaidi ya hapo unapunguza upozaji.

Gasketi ya silinda hedi. Dalili: oili kwenye kijiti inakuwa kama chai ya maziwa, moshi mweupe wenye harufu tamu injini ikishapata moto, mpira wa juu unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, au viputo visivyokwisha shingoni hata baada ya hewa yote kutoka. Ukiona oili hiyo usiwashe tena hata kwa kujaribu, maana beringi za krenki hazilindwi na maziwa.

Fundi mwenye pampu ya kupima presha atakuokolea muda. Hufungwa shingoni, mfumo unajazwa hewa mpaka namba ya mfuniko, kisha sindano inaachwa dakika 15. Ikishuka, kuna tundu.

Kiwango kinapanda chenyewe. Inawezekana?

Inawezekana, na si baraka. Mrija wa kibadilisha joto ukitoboka, injini ikipoa mfumo huvuta maji ya bwawa ndani. Utaona kulanti imefifia rangi na pengine ina tope. Tengeneza kibadilisha joto, safisha mfumo wote, jaza upya. Chanzo kingine ni moshi unaopenya gasketi ya hedi na kusukuma kulanti yote kuelekea riziva. Riziva inajaa, tangi linapungua.

Nitie bizari, yai au dawa ya kuziba tundu la rejeta?

Hapana. Unga wowote unaoziba tundu la kuvuja unaziba na mirija membamba ya kibadilisha joto, ambayo ni myembamba kuliko kidole cha mtoto. Yai huiva, hukatika vipande na kwenda kukaa kwenye thamostati. Kumkwepa fundi leo kunakuletea fundi yuleyule mwezi ujao akiwa na bili ya hedi.

Fundi anasema thamostati itolewe kwa sababu ya joto la Dodoma. Sawa?

Ushauri huu umezoeleka gereji nyingi, na ni mbaya. Dizeli inayofanya kazi ikiwa ya baridi haichomi mafuta vizuri, hutengeneza masizi na kuchafua oili. Zaidi ya hapo, thamostati nyingi zikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha kulanti kwenye bloku. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya kulanti inazunguka bila kupita kwenye kibadilisha joto, na injini inachemsha kuliko mwanzo.

Ipime badala ya kuitupa. Namba ya kufunguka imegongwa juu yake, kwa dizeli nyingi za boti zenye mizunguko miwili ni kati ya 71 na 82. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Ianze kufunguka karibu na namba yake na iwe wazi kabisa nyuzi kama 10 hadi 12 baadaye. Ikibaki imefungwa maji yakichemka, hapo kweli ni ya kutupwa, na nyingine iwekwe mahali pake.

Nina injini ya Kichina ya silinda moja, ile ya mashine za kusaga. Nayo inataka kulanti?

Inategemea upozaji wake. Ile yenye sanduku la maji lililo wazi juu hupoa kwa kuchemsha na kupoteza mvuke. Ni kazi yake, haina hitilafu. Ukiitia kulanti, maji yanaondoka na glikoli inabaki na kuzidi kuwa nzito. Tia maji safi yasiyo na chumvi, jazia kabla boya la alama halijazama, toa yote na usafishe kila mara ukoko unapoanza kuonekana. Yenye rejeta na mfuniko wa presha, hiyo tia kulanti kama dizeli nyingine.

Injini ya gari niliyofunga kwenye boti ibaki na rejeta yake?

Kwenye chumba kilichofungwa rejeta huvuta hewa ileile iliyokwisha kuwa moto, na feni haiwezi kuisaidia. Weka kibadilisha joto, au bomba za kupozea zilizolehemewa nje chini ya boti. Bomba hizo zinafaa sana maji ya tope kwa sababu hazinyonyi chochote, ila mfumo unabeba kulanti nyingi, pengine mara tatu ya injini peke yake. Pima kwa kujaza kwa chombo chenye lita zinazojulikana, uandike jumla ukutani mwa chumba cha injini. Ukigonga mwamba bwawa likiwa limepungua, kagua bomba hizo kwanza.

Nibadilishe yote lini?

Ya zamani kila miaka miwili, ya muda mrefu kila mitano, au mapema zaidi ukiona kutu. Fungua na vizibo vya kutolea vilivyo kwenye bloku, si mpira wa chini tu, kwani bila hivyo karibu nusu inaweza kubaki ndani. Suuza mpaka maji yatoke meupe, na suuzo la mwisho liwe la maji yasiyo na madini.

Wakati huohuo toa vifuniko vya ncha za kibadilisha joto. Upande wa maji ya bwawa utakuta tope, konokono wadogo na vipande vya impela ya zamani. Ondoa kwa kijiti cha mbao, si nondo. Ukoko wa chokaa loweka kwa siki nyeupe saa chache, kisha suuza vizuri. Dawa ya kusafishia vigae vya choo ina asidi kali na hula shaba. Rudisha kwa gasketi mpya.

Injini imechemsha katikati ya bwawa. Nifanye nini?

Punguza mwendo mara moja, tazama egzosi. Kama maji hayatoki, zima. Kama yanatoka, iache ingurume bila mzigo dakika moja au mbili joto lisambae, kisha zima. Tia nanga ili upepo wa mchana usikusukume kwenye visiki.

Usifungue mfuniko. Anza na upande wa bwawa: valvu iko wazi? Chujio? Mkanda wa pampu? Impela? Tatizo la dakika kumi mara nyingi liko hapo. Ikipoa kabisa ndipo uangalie kulanti. Ukilazimika kujaza maji ya bwawa ili ufike, yachuje kwa kitambaa na umimine polepole, kamwe si kwenye injini ya moto, maana hedi hupasuka. Ukifika, toa yote na usafishe mfumo siku hiyohiyo.

Boti ya mtumba niliyonunua ilikuja na maji ya rangi ya pinki ndani. Ni kulanti?

Huenda sivyo. Katika nchi za baridi upande wa maji ya nje hujazwa kimiminika cha pinki cha kulinda boti ghalani. Hakikukusudiwa kukaa kwenye mzunguko uliofungwa injini ikifanya kazi. Kikiwa upande wa maji ya nje kitaoshwa mara ya kwanza unapowasha, basi kikinge kwenye ndoo. Kikiwa upande uliofungwa, mwaga, suuza, jaza kulanti halisi.

Kulanti ya zamani nimwage wapi, na mtu akiinywa?

Usiimwage bwawani wala mwaloni. Maji ya Mtera yananywewa na ng'ombe, yana samaki wanaoliwa, na yanaendelea na Ruaha Mkuu hadi Kidatu. Ikinge kwenye dumu lenye mfuniko, liandike, ulipeleke gereji inayokusanya oili chafu, lakini usiichanganye na oili yenyewe.

Ethilini glikoli ni tamu, na hiyo ndiyo hatari yake. Mbwa huilamba, mbuzi huinywa, mtoto anaweza kudhani ni juisi. Kiasi cha kama mililita 100 kinaweza kumuua mtu mzima, na kwa mtoto kidogo tu ni hatari. Aliyeinywa anaweza kuonekana kama mlevi tu saa za mwanzo, huku figo zinaanza kuharibika. Mpeleke hospitali papo hapo, usingoje dalili, na ubebe chombo ili daktari asome kilichomo. Usiihifadhi kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

Maji yakipungua kiangazi boti inakaa juu miezi mitatu. Nitoe kulanti?

Iache imejaa. Bloku tupu yenye unyevu hupata kutu haraka kuliko iliyojaa kulanti nzuri. Kinachotolewa ni maji ya upande wa bwawa: legeza kizibo cha chini cha kibadilisha joto, safisha chujio, toa impela ili mapezi yake yasibaki yamekunjwa. Ifunge kwa kamba kwenye ufunguo wa kuwashia, ili asiwepo wa kuwasha kabla haijarudishwa.